Daraja Lisilo na Mto

Kuna nchi moja ambayo maji yakisimama ni mali ya Jimbo, na yakitembea ni mali ya Serikali Kuu. Mvua inaponyesha, matone yaliyo bado hewani hayana mwenyewe, na wanasheria wa huko wamekaa vikao kumi na vinne kuyatafutia. Nchi yenyewe inaitwa Shirikisho la Majimbo Tisa. Wenyeji hawachoki kuisifu, kwani wanasema kwa majirani mamlaka yote amerundikiwa mtu mmoja, lakini kwao yamegawanywa kwa haki hata ukiyatafuta huyaoni yalipo.

Bi Chausiku Mtengwa hakwenda huko kutembea. Alikuwa mkunga kutoka nchi ya jirani, mwenye miaka thelathini katika kazi hiyo, na alikuwa na sababu moja tu ya kufunga safari. Riziki, binti wa marehemu kaka yake, ambaye alimlea mwenyewe tangu ana miaka minne, alikuwa ameolewa Lugoma, ng'ambo ya Mto Mwaja, na alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza mtoto alitanguliza miguu, na kule Lugoma hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Walimzika siku hiyo hiyo. Safari hii Chausiku aliapa kuwa mikono itakayompokea mtoto wa Riziki ni yake na si ya mtu mwingine.

Alifika ukingoni mwa Mwaja mwezi mmoja kabla ya siku za Riziki, akakuta daraja limekwenda na mafuriko. Nguzo za chuma zilikuwa bado zimesimama imara. Kilichokuwa kimechukuliwa ni mbao tu, na wanakijiji walikuwa wamekwisha kupasua nyingine, kumi na nane za mvule, wamezipanga chini ya banda la makuti hatua chache kutoka majini. Ng'ambo ya pili alimwona Riziki, tumbo mbele, akimpungia kanga. Mto haukuwa mpana, mtu akipaza sauti alisikika, lakini mkondo wake ulikuwa na uwezo wa kumbeba ng'ombe, na ng'ombe akishabebwa mamba walimpokea.

Chausiku aliuliza kwa nini mbao zimelala bandani. Fundi Kilua, aliyezipasua, alimweleza taratibu, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wageni. Mambo yote ya nchi, alisema, yamo katika makapu matatu. Kapu kubwa ni la Serikali Kuu, kapu dogo ni la Jimbo, na kapu la katikati ni la wote wawili, ila wakigombana, la katikati nalo ni la Serikali Kuu. Mbao ni za kapu dogo. Maji ya Mwaja yanatembea, kwa hiyo ni ya kapu kubwa. Kitu cha mbao kinachokaa juu ya maji yanayotembea ni cha kapu la katikati, na hakiwekwi mpaka Baraza la Jimbo litunge sheria. Anayetandika ubao bila sheria hufungwa miaka mitano. Mwaka uliopita fundi mwenzake, Mbwego, alitupa gogo moja juu ya kijito ili watoto waende shule, akakamatwa. Mpaka sasa hajaanza kutumikia kifungo, maana serikali mbili hazijakubaliana afungwe katika gereza la nani, na wakati wanajadiliana wamemfungia ghalani.

Chausiku aliuliza hiyo sheria huchukua muda gani. Fundi Kilua alitazama ng'ambo, akalipima tumbo la Riziki kwa macho, akasema kwamba yeye ni fundi tu.

Basi akaenda Ikulemba, mji mkuu wa Jimbo, kumtafuta mjumbe wa eneo lile, Mheshimiwa Mgalla Tunutu. Nyumbani hakuwepo, ofisini hakuwepo. Akaelekezwa kwenye nyumba ya wageni yenye ukuta mrefu na walinzi wanne getini. Hapo ndipo alipojifunza desturi ya kwanza ya wabunge wa nchi ile. Baraza lina wajumbe arobaini na mmoja. Wenye serikali walikuwa ishirini na mmoja, wasio nayo ishirini, na mjumbe mmoja tu akihama upande, serikali inaanguka. Kwa hiyo kikao kikikaribia kila upande huwakusanya watu wake, huwanyang'anya simu, na kuwafungia mahali penye chakula kizuri na magodoro manene. Wananchi humchagua mtu akawasemee, kisha mtu huyo huwekwa pahali ambapo hawezi kusemeshwa. Wenyeji waliona jambo hili ni la kawaida kabisa, na walimshangaa Chausiku alivyolishangaa.

Alizunguka nyuma ya nyumba akamkuta Mheshimiwa Mgalla dirishani, amevaa kikoi, anakula papai. Alikuwa mnene, mcheshi, na mpweke. Alifurahi mno kumpata mtu wa kuongea naye hata akasikiliza habari ya Riziki mpaka mwisho, machozi yakamlengalenga. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Chausiku alikuwa ameona watu wengi wakilia, na alijua kuyatofautisha.

"Bi mkubwa, umekuja wakati mzuri," Mgalla alimwambia, akipunguza sauti. "Wale wa upande wa pili wameniahidi Wizara ya Madaraja. Nikihama kesho, daraja lako nalishika mwenyewe mkononi."

"Na wapiga kura wako waliokuchagua kwa upande huu?"

"Hao si ndio wanaotaka daraja?"

Jibu Chausiku hakulitafuta. Alikuwa anahesabu siku. Kesho yake Mheshimiwa Mgalla alitolewa kwa mlango wa jikoni ndani ya gari la kubebea magodoro, akaapishwa kuwa waziri kabla ya chakula cha mchana. Iko sheria katika nchi ile kwamba mjumbe anayehama chama hupoteza kiti chake. Lakini mwenye kuthibitisha kuwa amehama ni Spika, na Spika hana haraka ya kuhukumu. Wapo wajumbe tisa waliohama miaka mitatu iliyopita mbele ya macho yake, na bado anatafakari kama kweli waliondoka walipokuwa.

Wiki ya kwanza ya kikao ilikwenda kwenye viti. Upande uliokuwa kushoto ulitaka kuhamia kulia kwa kuwa sasa ndio wenye serikali, na upande wa kulia ulikataa kunyanyuka kwa kuwa viti vya kulia vina mito laini. Wajumbe wawili walikaa juu ya kiti kimoja siku tatu mfululizo, wakipeana zamu ya kuegemea. Chausiku alikuwa juu, katika sehemu ya wageni, ambako mtu haruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kusinzia. Mawili ya mwanzo aliyavumilia, na la tatu halikumpa taabu. Kila alipofumba macho alimwona Riziki na ile kanga, na usingizi ukamruka.

Aliyemsaidia kuelewa yaliyokuwa yakitendeka ni karani wa Baraza, Bi Tabu Mwinjaka, mwanamke mkavu aliyeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka ishirini na mbili na ambaye hakuwa amecheka kwa muda kama huo. Bi Tabu alimweleza kwamba Spika wa Ikulemba huchaguliwa kwa masikio yake. Kura hupigwa kwa sauti. Wanaokubali hutamka ndiyo, wanaokataa hutamka siyo, na Spika huinamisha kichwa kusikiliza uzito wa kila upande, kisha hutangaza alichokwisha kukiamua asubuhi akinywa chai. Wajumbe nao hawana taabu ya kusoma miswada. Kila upande una mnadhimu wake anayekaa mbele, na akiinua kitambaa cha kijani wanasema ndiyo, akiinua chekundu wanasema siyo. Mwaka wa nyuma mnadhimu mmoja alishikwa na mafua, akatoa leso nyekundu kujifuta kamasi, na Jimbo zima likakosa sheria ya zahanati. Haikuwezekana kuirudia kura ile, kwa sababu kumbukumbu zilionyesha wazi kuwa wajumbe walitafakari.

Wiki ya pili Muswada wa Daraja la Mto Mwaja ulisomwa mara ya kwanza. Ulikuwa na mistari minne na ungeweza kupita siku ileile. Ukapelekwa kwenye Kamati.

Katika Kamati palikuwa na mjumbe mmoja mwembamba, mwanasheria, ambaye aliheshimiwa sana kwa kipaji cha kutambua jambo lisilo la Baraza. Kila muswada aliousoma aliukuta ni wa watu wengine. Huyu alivua miwani, akasema kwamba amesikitika kuona neno mto katika muswada wa Jimbo. Mto unatembea. Baraza likiutaja tu, Serikali Kuu itakwenda mahakamani, na mahakama ya nchi ile ilikuwa bado inasikiliza kesi ya bwawa lililochimbwa na babu wa jaji. Kamati ikaingiwa na hofu. Siku nne walitafuta namna ya kuutaja mto bila kuutaja. Mmoja alipendekeza waandike ziwa jembamba. Mwingine alipendekeza bonde lenye unyevu. Siku ya tano yule mwembamba alipendekeza wafute neno lenyewe, wasiweke kitu, na wajumbe wakamshangilia kwa kugonga meza kwa muda mrefu.

Muswada ulivyotoka ulisema hivi: patakuwa na daraja moja katika Jimbo, la mbao kumi na nane za mvule, mahali panapofaa.

Chausiku alimngojea Mheshimiwa Waziri mlangoni. Zilikuwa zimebaki siku chache, na alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata kwa wanaume wanaochelewa kumwita mkunga.

"Mheshimiwa, daraja lisilo na mto linavusha nini?"

Mgalla alimshika mkono kwa upole. "Bi mkubwa, ukianza kuuliza daraja linavusha nini, hutatunga sheria hata moja. Kwanza tulipate daraja."

Alhamisi vitambaa vya kijani vilipanda pande zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Baraza lijengwe. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipinga daraja lisilomgusa mtu. Ikabaki saini ya Gavana. Gavana wa Jimbo haletwi na Jimbo, huletwa na Serikali Kuu, na kazi yake kubwa ni kuitafakari miswada. Hakatai na wala hakubali. Muswada wa maji ya kunywa alikuwa anautafakari mwaka wa sita. Huu wa daraja aliutia saini kabla ya wino wa Bi Tabu kukauka, na akasema laiti miswada yote ingekuwa na adabu kama huu.

Chausiku alikuwa anafunga mizigo yake, moyo umeanza kumtulia kidogo, Bi Tabu alipomfuata na nakala ya sheria yenye muhuri. Hakukaa. Alisema kwamba Waziri amekwisha kupachagua mahali panapofaa. Ni bustani iliyo mbele ya Baraza, kati ya bendera na kitalu cha maua, ambapo daraja litapendeza na wageni wa kutoka Serikali Kuu wataliona. Na kwa kuwa sheria inataka mbao kumi na nane za mvule, na mbao za hesabu hiyo ziko Mwaja tayari, lori litakwenda kuzichukua kesho kutwa.

"Mbao za wale watu?" Chausiku aliuliza.

"Mbao ni za kapu dogo," Bi Tabu alisema. Kisha akamkabidhi ile nakala. "Mimi naandika tu yanayosemwa, Bi Chausiku. Hii isome vizuri. Imesema mahali panapofaa. Haikusema panapomfaa nani."

Chausiku alifika Mwaja siku iliyofuata, jua likiwa linapanda. Ng'ambo hakumwona Riziki. Alimwona Ngwali, mume wake, peke yake ukingoni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, Ngwali alipaza sauti, na maji yanakuja ila mtoto haji. Chausiku aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake, kwa sababu alikisia mtoto yule amekaaje, na alijua ni nini hasa kitakachotokea kama mtu asiyejua atamvuta.

Akawaita mafundi bandani. Hakuwaficha kitu. Aliwasomea sheria mstari kwa mstari, akawaambia habari ya bustani na kitalu cha maua, akawaambia lori linakuja kesho. Kisha akamkabidhi Fundi Kilua karatasi.

"Soma mwenyewe, fundi. Umeliona neno mto humo?"

Kilua alisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno. "Sijaliona."

"Basi hujakatazwa mto. Umeambiwa daraja, mbao kumi na nane, mahali panapofaa. Mimi nasema panafaa hapa. Wakikuuliza, waambie ni mgeni aliyekusomea, wanifunge mimi."

Kila mmoja alikuwa anamfikiria Mbwego ghalani. Kilua aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akavua shati. Alisema kwamba mbao hizi amezipasua kwa mikono yake, na kama zitakanyagwa na viatu vya wageni wa serikali katikati ya maua, basi heri afungwe. Wenzake walikuwa wamekwisha kubeba ubao wa kwanza.

Kazi ya nusu siku ilikwisha kabla ya adhuhuri. Ubao wa mwisho ulikuwa haujapigiliwa Chausiku alipopita juu yake anakimbia, sanduku lake kichwani, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu kama yule wa kwanza. Chausiku alifanya alichokijua, taratibu, bila kuvuta, huku akimwambia Riziki maneno aliyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo na ana homa. Saa tisa alasiri mtoto alilia. Alikuwa mvulana, mzima, mwenye kelele. Chausiku alikaa chini sakafuni akalia naye, na hakuona haya.

Lori lilikuja kesho yake na afisa mwenye orodha. Aliuliza mbao ziko wapi, na Fundi Kilua akamwonyesha kwa kidole. Afisa alisimama kwenye ncha ya daraja muda mrefu, mguu mmoja mbele, hajaukanyaga ubao. Ilikuwa dhahiri alikuwa anafikiri makapu. Mbao zikiwa bandani ni za Jimbo, na angezibeba. Lakini hizi sasa zimekaa juu ya maji yanayotembea. Kuziondoa ni kugusa kitu cha kapu la katikati, na hilo halifanyiki bila sheria. Sheria nayo haingepatikana, maana jana yake Mheshimiwa Mgalla alikuwa ameahidiwa Wizara ya Misitu na kurudi upande aliotoka, serikali ikaanguka, na Baraza likavunjwa. Kumshtaki Kilua hakukuwezekana pia, kwa kuwa alikuwa ametekeleza sheria kama ilivyoandikwa, jambo ambalo afisa hakuwahi kuliona likifanywa na hakujua adhabu yake. Mwishowe aliandika kwamba mbao kumi na nane zimeonekana, zimetumika, mahali panafaa. Akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Wiki tano baadaye, kampeni zilipopamba moto, Mheshimiwa Mgalla alikuja kulifungua daraja. Alikuja na utepe, na ngoma, na watu wa kupiga picha. Alisimama katikati ya zile mbao akasimulia alivyolipigania Barazani, alivyohama chama kwa ajili ya wananchi wake na kurudi kwa ajili yao vilevile, alivyosimama imara walipotaka kumpokonya mto. Aliposimulia habari ya mama mjamzito machozi yakamlengalenga, na yalikuwa ya kweli kama yale ya dirishani. Chausiku alikuwa amesimama na mafundi. Alingoja mtu aseme. Fundi Kilua alikuwa anatazama misumari.

Ndipo Ngwali alipojipenyeza mbele, amembeba mtoto, akaomba kipaza sauti. Alisema kwamba mtoto huyu ndiye wa kwanza kuzaliwa tangu daraja lijengwe, na kwamba yeye na mama wa mtoto wamekubaliana kumpa jina. Jina lake ni Mgalla.

Watu walipiga makofi, Mheshimiwa akamkumbatia mtoto, wakapigwa picha. Chausiku alimvuta Riziki pembeni, nyuma ya banda lililokuwa tupu, na kwa mara ya kwanza tangu amlee alimsemesha kwa ukali.

"Riziki, wewe ulikuwepo. Unajua nani alikuvusha. Unampaje mjukuu wangu jina la yule?"

Riziki hakukasirika. Alirekebisha kanga begani, akamtazama shangazi yake kwa huruma, kama vile mkubwa ni yeye.

"Shangazi, wewe kesho kutwa unakwenda zako kwenu. Mto huu ukijaa tena, sisi tutamwendea nani?"